Mechi Iliyomezwa na Ukungu

Jumatatu ile ukungu ulikuwa umelala juu ya Saltmere kama mtu asiye na kazi ya kuamkia. Rowena Sleight aliendesha gari polepole, taa zikiwaka saa tatu asubuhi, akipita mashamba ya kabeji asiyoyaona na mifereji aliyoisikia tu. Uwanja ulimjia vipande vipande. Nguzo moja ya taa, kisha ya pili, kisha bango la buluu lenye jina la klabu, kisha mngurumo wa mashine ya kukata nyasi isiyo na mtu.

"Nani huyo?" sauti iliuliza kutoka katikati ya weupe.

"Sleight. Natoka ligi."

Mashine ikazimwa. "Ligi," ile sauti ikasema, kama mtu anayetaja maradhi ya jirani. "Katibu yuko ndani. Fuata harufu ya bekoni."

Akaifuata. Alikuwa na miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye viatu vya mtu anayejua kwamba viwanja vidogo vina matope hata kiangazi. Miaka ishirini na sita alikuwa polisi wa upelelezi. Alipostaafu ligi ilimwajiri kuchunguza mambo ambayo polisi wangeyacheka: nani alichezeshwa bila kibali, nani alighushi umri, nani alimrushia refa pai. Yeye hakuyacheka. Alikwisha ona watu wazima wakilia kwa sababu ya pointi moja, na hakuona kwamba machozi yao yalikuwa ya bei rahisi.

Mkobani alikuwa na barua. Ilipigwa muhuri wa posta Ijumaa, siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya msimu, na ilikuwa fupi:

"Kwa ligi. Tarehe kumi Februari Saltmere Town walimchezesha Dale Lancelot Odling akiwa bado amefungiwa mechi moja. Mechi ya Brigthorpe, ambayo alidhaniwa kuimalizia adhabu yake, ilivunjika kwa ukungu dakika ya sabini na moja, na mechi iliyovunjika haihesabiwi. Mnajua la kufanya."

Jina la mwandishi halikuwepo.

Ligi ile ilikuwa na timu ishirini na mbili, daraja la nane kuhesabu kutoka juu. Bingwa hupanda bila kuulizwa. Wawili wa mkiani hushuka bila kuombewa. Kuanzia wa pili hadi wa tano wanagombea nafasi moja iliyosalia katika mechi za mchujo: wa pili na wa tano, wa tatu na wa nne, mechi moja moja tu, aliyemaliza juu akiwa mwenyeji, kisha fainali. Saltmere walimaliza wa tano kwa pointi sabini na moja. Ashlode Rovers, majirani na maadui wao, walimaliza wa sita kwa sitini na tisa. Anayemchezesha mtu aliyefungiwa hunyang'anywa pointi alizovuna siku ile, na siku ile Saltmere walivuna tatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeimaliza.

Ila palikuwa na kifungu kimoja. Msimu ukishaisha, msimamo hufungwa. Lalamiko lililotumwa kabla ya kufungwa huendelea, lakini sharti mwandishi wake, awe afisa wa klabu mojawapo ya ligi, aje aliwekee saini. Asipopatikana, karatasi huchanwa hata kama kila neno lake ni kweli. Kamati ilimpa Rowena hadi saa kumi na moja jioni ile. Mechi ya mchujo ilikuwa Jumatano.

Ndani ya chumba cha klabu, mwanamume mrefu alikuwa amekaa sakafuni, mguu mmoja umenyooshwa, pakiti ya njegere za barafu juu ya goti. Mbele yake palikuwa na shuka la kitanda na kopo la rangi ya buluu. Alikwisha andika TUNAK.

"Karibu, bibie," akasema. "Usikanyage K, bado mbichi."

"Dale Odling?"

"Wananiita Biskuti. Leo siko juani wala juu ya paa, ukungu umenipa likizo." Alikuwa fundi wa kuezeka, na miaka thelathini na sita ilikuwa imemwandama usoni. "Umekuja kwa ajili ya Jumatano? Mabasi matatu yamejaa. Hata kasisi anakuja, na yule bwana hajawahi kutuombea zaidi ya sare."

"Goti litafika Jumatano?"

"Litabebwa likibidi. Miaka kumi na tisa nacheza hapa, bibie. Sijawahi kugusa mchujo. Nikimaliza huo, ninalipeleka goti kwa daktari akalifanye supu."

"Dale, mwache mgeni apumue," mwanamke akasema kutoka mlangoni.

Huyo ndiye aliyekuwa katibu, Glenys Thurlby, mjane wa miaka sitini na tisa, nywele fupi nyeupe, sweta la klabu lililofuliwa mpaka likasahau rangi yake. Alikuwa katibu kwa miaka thelathini na moja, bila mshahara. Alimpeleka Rowena kwenye kijichumba cha nyuma chenye meza, kabati la chuma na dirisha lililojaa ukungu mtupu.

"Chai?"

"Isiwe na sukari, Bi Thurlby. Nitahitaji karatasi za Februari. Orodha za wachezaji, taarifa za adhabu, barua za kamati."

"Za Odling?"

"Za Odling. Kuna mtu ameleta malalamiko."

Bi Glenys alimimina chai kwanza. Kisha akatoa faili kabatini, akaliweka mezani, akalifungua mahali penyewe. Kila kitu kilikuwemo. Kadi tano za njano, adhabu ya mechi moja. Tarehe tatu Februari, ugenini Brigthorpe, jina la Odling halimo kwenye orodha. Tarehe kumi, nyumbani, jina lake limo, namba tisa, na Saltmere wakashinda. Tarehe kumi na mbili, barua ya kamati: matokeo ya Brigthorpe yamefutwa, mechi irudiwe.

"Na tarehe kumi na saba?" Rowena aliuliza.

"Goti. Hakucheza."

"Kwa hiyo adhabu ilijimaliza yenyewe, kimyakimya."

"Naona hivyo."

Rowena aliandika. Barua yenyewe ilibaki mkobani, hakuionyesha. Alikunywa chai, ilikuwa nzito na nzuri, akasubiri swali ambalo kila klabu humuuliza kabla hajaketi: ni nani huyo aliyetuchongea? Swali halikuja. Bi Glenys alikuwa akitazama dirishani kana kwamba nje kuna kitu cha kutazama.

"Itakuwa lini?" ndilo aliloliuliza.

"Saa kumi na moja leo. Aliyeandika akijitokeza, mnapoteza tatu. Asipojitokeza, mnakwenda mchujo."

"Aha," Bi Glenys akasema, akamwongezea chai ambayo hakuiomba.

* * *

Refa wa siku ile ya Brigthorpe aliitwa Nigel Pocklington, na siku zisizo za mechi alikuwa mpima macho. Wenye ndimi walikwisha msema kwa hilo miaka mingi, naye alikwisha choka kujibu. Rowena alimkuta dukani mwake peke yake, amezungukwa na miwani mia mbili isiyotazama popote. Nje ya kioo barabara haikuwepo. Ungesema duka linaelea.

"Usianze," akasema Pocklington.

"Sijasema kitu."

"Kila mtu huanza na macho yangu."

"Nianzie kwa ukungu basi."

Bwana yule alivua miwani yake, akaipangusa taratibu, na sauti yake ikashuka kama ya mtu anayesimulia alichokiota.

"Uliingia baada ya mapumziko. Kwanza ulikula kibendera cha kona. Halafu kipa. Nilikuwa nasikia mpira unapigwa, halafu kimya, halafu unatua mahali pengine kabisa. Wachezaji walikuwa wanaitana majina kama wake wanaotafuta waume sokoni. Dakika ya sitini na tano nikahesabu vichwa, nikapata ishirini na watatu."

"Mmoja alizidi?"

"Mmoja alikuwa shabiki. Alipotea njia akienda chooni. Tena nikaona mtu kalala kwenye boksi, nikapuliza penalti. Nikakaribia. Bata bukini."

"Ukafanyaje?"

"Nikampa onyo la mdomo tu. Halikuwa kosa la makusudi." Hakucheka, na Rowena pia hakucheka, ingawa ilimgharimu. "Dakika ya sabini na moja nikawatoa wote. Tukangoja nusu saa. Sikuweza kuona vidole vyangu. Nikaivunja."

"Halafu?"

"Halafu chai. Bi Thurlby na katibu wa Brigthorpe wakakaa mezani pamoja. Bila kwa bila, dakika zimebaki kumi na tisa, ni nani anayetaka kurudi Jumanne usiku maili themanini kwa basi? Wakapeana mikono. Matokeo yabaki. Mimi nilikuwa shahidi, nilikuwa nakula keki."

"Mkono si kamati, Bwana Pocklington."

"Kwa watu wa huku mkono ukishatolewa, shauri limekwisha. Kamati huja baadaye kupiga muhuri. Miaka yote imepiga."

"Safari hii haikupiga."

"Ilikaa siku tisa ikifikiria. Jumamosi ilikuwa imeshapita katikati."

Hapo ndipo lilipo kosa lenyewe, na Rowena alilitazama bila haraka. Katibu mzoefu kuliko wote katika ligi alimchezesha Odling kwa kuamini kikombe cha chai na mkono wa mwenzake. Adhabu za kadi zilikuwa zikishughulikiwa na chama cha soka cha kaunti, mechi zikishughulikiwa na ligi. Ofisi mbili za barabara moja, na hazijawahi kuazimana hata chumvi. Ndiyo maana hakuna aliyeliona. Mtu mmoja tu.

"Ulimwambia nani habari hii?"

"Ya bata? Kila mtu."

"Ya adhabu ya Odling."

Pocklington akarudisha miwani puani. "Adhabu gani?" akauliza, na ilikuwa wazi kwamba hakuwa anajua.

* * *

Ashlode iko maili nne tu kutoka Saltmere, na watu wa huko hupenda kusema ni maili nne nyingi mno. Mwenyekiti wao, Trevor Gostelow, aliuza mabafu. Rowena alimkuta amekaa ukingoni mwa bafu kubwa jeupe katikati ya mabafu mengine meupe thelathini, mwanga wa ukungu ukiingia kwa dirisha refu. Palikuwa na utulivu wa ajabu. Hata Gostelow alionekana kama amesahauliwa na mafundi.

"Bwana Gostelow, wiki iliyopita uliiandikia ligi barua?"

"Barua ya nini? Mimi siandiki hata kadi za Krismasi, anaandika mke wangu."

"Kuna aliyedai kwamba Saltmere walimchezesha mtu aliyefungiwa. Nikimpata mwandishi kabla ya saa kumi na moja na akaweka saini, wanapoteza pointi tatu."

Gostelow alimtazama. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. Kisha akasimama ndani ya bafu.

"Ee, barua ile!" akasema. "Ndiyo. Nimekumbuka. Niliandika mimi."

"Dakika moja iliyopita hukuijua."

"Nilikuwa najihami, dada. Huwezi kujua nani anasikiliza."

"Mabafu ndiyo yanayosikiliza."

"Nipe kalamu. Naweka saini wapi?"

Rowena alimpa kalamu, na karatasi tupu. "Niandikie jina la mchezaji, vilevile ulivyoliandika kwenye barua. Jina lake kamili."

Gostelow akaishika kalamu kama mtu aliyeombwa amchore farasi. "Ni Odling," akasema hatimaye. "Lazima awe Odling. Kila balaa la wale watu ni Odling." Akaandika *Dale Odling*, akamrudishia kwa fahari.

"Halijakamilika."

"Biskuti? Dale Biskuti Odling?"

"Hapana, Bwana Gostelow."

Akaketi tena, taratibu, mpaka chini kabisa ya bafu. Ilibaki kichwa tu na mikono miwili. Alikuwa mtu mnene mwenye huzuni ya kweli, na Rowena alimhurumia kidogo.

"Pointi mbili," akasema. "Msimu mzima, mechi arobaini na mbili, tumekosa mchujo kwa pointi mbili. Ungekuwa wewe usingejaribu?"

"Ningejaribu vizuri zaidi."

"Sikia, nikwambie kitu cha bure. Ningejua Februari, ningepiga kelele Februari. Nani anakaa na pai ya moto miezi miwili bila kuiuma? Huyo mtu wako hakujua Februari. Amejua juzi."

Rowena alikuwa anafunga mkoba. Akaacha.

"Umesema kweli," akasema.

"Kwa hiyo nisaini?"

"Shinda salama, Bwana Gostelow."

Ndani ya gari alipiga simu ofisi ya ligi. Alitaka kujua kitu kimoja: kwenye kompyuta yao, mchezaji namba fulani wa Saltmere ameandikwaje? Karani akamsomea. Dale Odling, basi. Na kadi za njano, na orodha za mechi zote, na vijarida vya mechi? Dale Odling, au D. Odling. Jina la katikati halipo popote. Fomu za karatasi za zamani, karani akamweleza, zilibaki kwa makatibu wa klabu.

Alikaa kidogo bila kuwasha gari. Mpelelezi hufurahi kitu kinapokaa mahali pake, lakini safari hii hakufurahi. Ni nani anayefukua karatasi za Februari katika juma la mwisho la Aprili? Timu inayotarajia mchujo hutakiwa, kabla ya Ijumaa, kupeleka orodha ya wachezaji wake ikiwa na saini ya kuapa kwamba kila mmoja ana haki ya kucheza. Katibu mzembe husaini na kwenda zake. Katibu makini hukagua kwanza msimu mzima, mechi kwa mechi, kadi kwa kadi.

* * *

Ilikuwa saa kumi kasoro robo aliporudi Saltmere. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo na kusimama juu ya uwanja usawa wa mabega, milingoti ya magoli ikichungulia. Chumbani Dale alikuwa amefika TUNAKUJ, na A ya mwisho ilikuwa imekosa nafasi.

"Shuka fupi," alimlalamikia Rowena.

"Andika ndogo."

Bi Glenys alikuwa kwenye kijichumba chake, koti amelivaa, kama mtu anayengoja basi. Rowena alifunga mlango.

"Naomba fomu ya kwanza ya Odling. Ile ya kumsajili, alipoanza."

Kabati lile lilikuwa na karatasi za miaka thelathini na moja. Bi Glenys alifungua droo ya juu na kuitoa fomu bila kutafuta. Ilikuwa ya kwanza kabisa. Ilikuwa imejazwa na mama yake Dale, kwa mwandiko wa duara: *Dale Lancelot*.

"Mama yake alipenda majina makubwa," Bi Glenys akasema. "Kijana alinisihi nisilitaje kwa mtu. Sijawahi kulitaja."

"Umelitaja Ijumaa."

Bi Glenys aliketi.

"Asubuhi hukuniuliza ni nani aliyeandika," Rowena akasema. "Katika miaka yote hii ni wewe peke yako ambaye hukuuliza. Mwenyekiti wa Ashlode hakuijua barua mpaka nilipomwambia. Refa hajui hata kama kulikuwa na adhabu. Na jina hilo limo kwenye karatasi moja tu duniani, uliyoishika."

"Niliandika jina lote kwa mazoea. Fomu hii ilikuwa mbele yangu, nami hunakili fomu neno kwa neno." Alicheka kidogo, bila furaha. "Unaona? Ukatibu umenichongea."

"Kwa nini, Bi Glenys?"

Bi Glenys aligeukia dirisha. Huko nje mashine ya nyasi ilianza tena, ikaenda mbali, ikarudi.

"Unawakumbuka Cawby United?"

"Si sana. Nasikia pana nyumba sasa."

"Nyumba arobaini na barabara yenye jina la maua. Mwaka wangu wa pili hapa, walikuwa wa tatu kutoka mkiani, wamesalimika. Wawili tu ndio wanashuka. Nikapitia karatasi zao, maana nilikuwa hodari, nikitaka kila mtu ajue kwamba mimi ni hodari. Nikakuta wamemchezesha mtu mmoja aliyefungiwa. Dakika kumi na tano za mwisho, hakugusa mpira hata mara tatu. Katibu wao, Wilf Brackenbury, alinipigia simu. Akaniambia, 'Glenys, ni kosa la karatasi tu.' Mimi nikamjibu sheria ni sheria, Wilf."

"Na ilikuwa sheria."

"Ilikuwa. Wakapoteza pointi, wakashuka. Wadhamini wakaondoka. Mwaka uliofuata klabu ikafa. Wilf alikuja kwenye mazishi ya mume wangu, akanipa mkono, hakusema neno." Aliiweka fomu mezani, akainyoosha pembe. "Alhamisi nikakaa hapa kukagua orodha ya mchujo. Nikafika tarehe kumi Februari. Nikaangalia mara tatu. Mkuki kwa nguruwe, Bi Sleight. Kwa binadamu mchungu."

"Ungeweza kuja kwangu na jina lako."

"Niliogopa." Alilisema waziwazi, bila kulipamba. "Naishi hapa. Nanunua mkate hapa. Nikaona niandike bila jina, Jumamosi tutafungwa, tutamaliza wa saba, na barua itakuwa imekwenda bure. Nilisimama nyuma ya goli nikiomba tufungwe. Mimi! Tukashinda matatu bila. Nilipiga makofi na mikono ilikuwa inauma."

Rowena aliitoa barua mkobani, akaiweka kando ya fomu. Alitoa pia kalamu, lakini hiyo aliiweka upande wake mwenyewe wa meza.

"Nisikilize vizuri, kwa kuwa nitasema mara moja. Kazi yangu ni kumtafuta mwandishi. Nimempata. Kumlazimisha asaini si kazi yangu, na kifungu hakinipi ruhusa. Saa kumi na moja barua isiyo na saini inachanwa, nitaichana mwenyewe, na Jumatano mtapanda mabasi. Ukisaini, jina lako litasomwa mbele ya kamati kesho na nakala itabandikwa kwenye ubao wa kila klabu. Hapa pia."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa kumi na dakika ishirini."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi siulizwi, Bi Glenys."

Kupitia ukuta walisikia Dale akiimba wimbo wa klabu kwa sauti mbaya, akikosea maneno palepale ambapo kila mtu huyakosea. Bi Glenys alisikiliza ubeti mzima. Kisha akanyoosha mkono juu ya meza, akachukua kalamu, akasaini. Mwandiko wake ulikuwa safi. Aliandika na tarehe, na chini yake, kwa mazoea, akaandika cheo: katibu.

Rowena alishuhudia, akaandika saa. Saa kumi na dakika ishirini na nane.

"Nitawaambia mimi," Bi Glenys akasema. "Usiwatumie barua pepe."

"Kamati itatuma."

"Basi niitangulie."

Dale alikuwa amesimama sasa, njegere zimeyeyuka mkononi, akilikagua shuka lake kwa kichwa kilichoinama. A ilikuwa imekaa pembeni, ndogo kuliko wenzake.

"Vipi, mabosi?" akasema. "Inasomeka?"

"Dale," Bi Glenys akasema. "Hatuendi."

Alimweleza pale pale, akiwa amesimama, mikono mfukoni mwa koti. Alimweleza ukungu, kikombe cha chai, mkono wa katibu wa Brigthorpe, siku tisa. Alimweleza na barua, na nani aliyeiandika. Hakuficha hata alivyoomba wafungwe. Mashine ya nyasi ilikuwa imenyamaza. Mtunza uwanja alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, vipande vya majani mabichi vimemganda viatuni, na hakuna aliyemwona alipoingia.

Dale alitazama shuka, halafu akamtazama Bi Glenys.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza."

"Miaka kumi na tisa, Bi Glenys. Mwakani siwezi. Hili goti halina mwakani."

"Najua, mwanangu."

"Usiniite mwanangu leo."

"Haya."

Aliweka pakiti ya njegere juu ya meza ya biliadi, pole pole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Rowena alikuwa anajua kwamba huu ndio wakati wa kuondoka. Alibaki, kwa kuwa mwenye kuleta jambo hana ruhusa ya kulikimbia.

"Mechi ya tarehe kumi," Dale akasema. "Nilifunga mawili."

"Mawili. La kwanza kwa mguu wa kushoto."

"Na yenyewe wanayafuta?"

"Hapana. Wanachukua pointi tu. Mabao yanabaki kitabuni, kwa jina lako."

Dale aliitikia kwa kichwa, macho yake yamekuwa mekundu.

"Bora wangechukua mabao yote mawili," akasema, "wakaniachia Jumatano."